Adabu ya mazungumzo kwa Kiklingoni: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwanafunzi amejifunza viambishi vyote, msamiati anao wa kutosha, na matamshi yake yanaeleweka. Anakutana na msemaji mzoefu, anasema nuqneH, neno lililomo kwenye orodha za salamu, anajibiwa, anasema tena nuqneH, kisha anasubiri kuulizwa habari za nyumbani. Hakuna anayemuuliza. Mazungumzo yanafia hapo.

Kosa hili linarudiwa na wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili, na chanzo chake ni kimoja. Sisi tumezoea kuweka adabu katika maneno tunayoyaongeza juu ya ujumbe: hodi, shikamoo, naomba, tafadhali, samahani, pole, asante, karibu. Mwanafunzi akiyatafuta maneno hayo kwenye kamusi ya Kiklingoni, mengi hayapo, na yaliyopo hayafanyi kazi aliyoitarajia. Kiklingoni, lugha ya Waklingoni, jamii ya kubuni ya wapiganaji, iliyoundwa na Marc Okrand kwa ajili ya filamu za Star Trek, kimeiweka heshima ndani ya nomino na kitenzi chenyewe, kwenye viambishi. Ukivipatia, umeshakuwa na adabu hata kama hukusema neno lolote tamu. Ukivikosea, unaweza kumtukana mtu huku ukitabasamu.

## Utakavyohitaji

- Kamusi ya Okrand, *The Klingon Dictionary*, toleo la 1992. Toleo la kwanza la 1985 halina nyongeza iliyoko mwishoni mwa hili.
- *Klingon for the Galactic Traveler* ya 1997, kwa ajili ya mezani, matusi na namna watu wa vyeo tofauti wanavyozungumza.
- Programu ya simu iitwayo boQwI'. Ukiiandikia neno zima lenye viambishi, inalichambua kipande kwa kipande.
- Simu ya kurekodi sauti yako.
- Daftari lenye safu tatu: neno zima, viambishi vyake, na mtu unayeweza kumwambia. Safu ya tatu ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye adabu.
- Mwenzako mmoja wa kufanya naye mazoezi, hata kwa ujumbe wa sauti.

Kabla ya yote, tengeneza kibodi ya simu yako. Zima herufi kubwa zinazojiweka zenyewe mwanzoni mwa sentensi, zima usahihishaji wa maneno, na zima alama za nukuu zinazojipinda. Katika maandishi ya Kiklingoni herufi kubwa na ndogo ni sauti tofauti, na ritifaa ni konsonanti kamili. Simu ikibadilisha q kuwa Q, imebadilisha neno.

## Hatua ya 1: Tengeneza sauti zinazobeba heshima

Mzungumzaji wa Kiswahili anaanza akiwa mbele. ng ya Kiklingoni ni ile ya *ng'ombe*, gh ni ile ya *ghali* inapotamkwa kama watu wa pwani wanavyoitamka, na H ni *kh* ya *kheri* kwa wanaoikaza. Kazi imebaki kwenye sauti nne.

Ritifaa (') ni kule kukata pumzi kooni unapokataa kitu kwa kusema “a'a!”. Mkato huohuo ndio unaofunga Qapla' (“ushindi!”), nawe usiuache hata neno likiwa refu. Ukiuacha, viambishi kadhaa vya heshima vinapotea, maana -wI', -lI', -ma' na -ra' vyote vinaishia nao.

q hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa. Aliyesoma madrasa anaifahamu: ni qaf. Q ni hiyohiyo qaf ikifuatwa papo hapo na mkwaruzo wa kha, zote mbili kwa pigo moja.

tlh huanza kama *t*, lakini badala ya kuachia hewa mbele ya ulimi, unaiachia ipite pande zote mbili za ulimi kuelekea mashavuni.

Pima kwa jozi hizi mbili, mara ishirini kila siku kwa wiki moja, ukijirekodi:

qaH – bwana, neno la kumwitia mkubwa. QaH – kusaidia.

qatlh – kwa nini. Qatlh – kuwa kigumu.

*Umefaulu kama:* mwenzako akisikiliza rekodi bila kuona maandishi anaweza kuandika kila neno sahihi. Wewe mwenyewe si mwamuzi mzuri, kwa sababu sikio linasikia kile ubongo ulichokusudia.

## Hatua ya 2: Ingia kwenye jambo lako

nuqneH imewekwa kwenye orodha za salamu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Maana yake ni “Unataka nini?”, na anayeisema anauliza kwa dhati. Kwa desturi ya Kiklingoni mazungumzo huanza kwa jambo lililokuleta. Kumzungusha mtu kwa maswali ya hali ni kumpotezea muda.

Kwa hiyo ukiambiwa nuqneH, jibu lako ni haja yako:

paqlIj vIlaD vIneH. – Nataka kusoma kitabu chako.

HoD vIlegh vIneH. – Nataka kumwona kapteni.

Tazama muundo. Kitenzi cha kwanza kina kiambishi chake, na neH nacho kina chake, vI-, kila kimoja kikibeba mtenda na mtendwa kwa pamoja. Ukiondoa kimoja sentensi inavunjika.

Wewe unayemwendea mtu hupaswi kuanza na nuqneH. Anayeisema ni yule aliyefuatwa. Mwanafunzi anayemwendea mtu mezani na kumwambia “Unataka nini?” amegeuza nafasi, na mwenyeji atashangaa kwa haki. Ukitaka kumshtua tu ili akusikilize, sema yIqIm kwa mtu mmoja au peqIm kwa wengi, yaani sikiliza au sikilizeni.

Kujitambulisha kunamalizika kwa maneno mawili: taja jina lako, kisha jIH. Asha jIH. Kuuliza jina la mwenzako: nuq 'oH ponglIj'e'?

Onyo: usitengeneze salamu za saa. po QaQ ni Kiklingoni safi kwa maana ya “asubuhi nzuri”, lakini Mklingoni hamsalimii mtu kwa hiyo. Atasikia maelezo ya hali ya asubuhi na kungoja usemi uendelee.

*Umefaulu kama:* kuanzia nuqneH ya mwenyeji hadi haja yako kutajwa hakuna sentensi nyingine katikati, na wewe huoni aibu. Aibu hiyo huchukua muda kutoka. Kwa aliyelelewa na “hujambo, za nyumbani, za kazi, watoto wazima?”, ukimya huo unauma mwanzoni.

## Hatua ya 3: Mpe mtu ngeli ya mtu

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ni hapa mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuwapita wengine mbali, kwa kuwa tunayo tayari hisia ya kitu hiki. Kwetu mtu ni wa ngeli ya A-WA, na kumwondoa humo na kumwita *kijitu hiki* ni kumdharau bila kutaja kosa lake. Kiklingoni kinatenganisha vivyo hivyo viumbe vyenye uwezo wa kusema na vitu vingine vyote.

Umiliki kwa wenye kusema:

- -wI' – wangu: jupwI', rafiki yangu
- -lI' – wako: juplI'
- -ma' – wetu: jupma'
- -ra' – wenu: jupra'

Umiliki kwa visivyosema:

- -wIj – changu: paqwIj, kitabu changu
- -lIj – chako: paqlIj
- -maj – chetu: paqmaj
- -raj – chenu: paqraj

Kwa “-ake” na “-ao” hakuna tofauti. -Daj na -chaj hutumika kote.

Sasa lililo muhimu. Sarufi haikuzuii kusema puqlIj, “mtoto wako”, kwa kiambishi cha vitu. Neno linajengeka, ila limemshusha mtoto huyo. Okrand mwenyewe anaeleza kwamba kuwatumia watu viambishi vya vitu ni dharau, na kwamba joHwIj badala ya joHwI', “bwana wangu mtukufu”, inakaribia kuwa mwiko. Tofauti kati ya heshima kuu na mwiko ni sauti moja ya mwisho: mkato wa koo dhidi ya *j*. Ndiyo sababu Hatua ya 1 haikwepeki.

Wingi nao una mpango wake. Wenye kusema huchukua -pu': juppu', marafiki. Vitu huchukua -mey: paqmey, vitabu. Viungo vya mwili vina -Du'. Wingi hutangulia umiliki, hivyo “marafiki zangu” ni juppu'wI', kamwe si kinyume chake. Ukimwekea mtu -mey, sarufi inaruhusu, lakini umesema kwamba wametapakaa huku na huko.

Viwakilishi hufuata mstari huohuo: mtu ni ghaH na wengi ni chaH, kitu ni 'oH na vingi ni bIH. Kumwita mtu 'oH mbele yake ni kumfanya chombo.

Mahali pa kujikwaa: kuna -wI' nyingine inayoshikamana na vitenzi na kufanya kazi ya *m-…-ji* ya Kiswahili. Suv ni kupigana, SuvwI' ni mpiganaji. “Mpiganaji wangu” kwa hiyo ni SuvwI'wI', na -wI' zote mbili ni halali. Usiikate moja ukidhani umekosea.

Kwa nyumbani kuna kiambishi kitamu, -oy, cha upendo: vavoy kwa baba, SoSoy kwa mama, na hata kwa mnyama anayefugwa. Kiache nyumbani. Hakiendi kwa kapteni.

*Zoezi:* andika nomino ishirini, kumi za watu na kumi za vitu, uzichanganye. Mwenzako ataje moja, wewe useme “wangu/changu”, wingi, kisha wingi pamoja na umiliki, ndani ya sekunde tano. *Umefaulu* ukimaliza ishirini bila mtu hata mmoja kupata -wIj au -mey. Kosa la kumpa kitu kiambishi cha mtu ni dogo na litachekesha tu. La kinyume chake linaumiza, kwa hiyo likitokea hata mara moja rudia orodha nzima.

## Hatua ya 4: Omba kwa amri

Hakuna “tafadhali”. Wanafunzi hujaribu kuijenga kwa kitenzi qoy', ambacho ni kusihi au kubembeleza. Ukisema qaqoy' ili upewe chumvi, umemwambia mtu “nakusihi sana” na kujishusha pasipo sababu.

Ombi la kawaida huja kwa hali ya amri, na amri haina ukali wowote ndani yake. Inachotaka ni kiambishi sahihi:

| Unayemwambia | Bila mtendwa | Yeye/hicho | Wao/hivyo | Mimi | Sisi |
|---|---|---|---|---|---|
| Mmoja | yI- | yI- | tI- | HI- | gho- |
| Wengi | pe- | yI- | tI- | HI- | gho- |

HI- inafanya kazi ileile ya *ni-* katika *nisaidie*: HIQaH! Tusaidie ni ghoQaH! Keti ni yIba', ketini ni peba'. Kisome ni yIlaD, visome ni tIlaD. Mgeni akiwa mlangoni mwambie yI'el, ingia. Wakiwa wengi, pe'el. Hilo linatosha mahali pa “karibu ndani”.

Mbili hizi zishike kwa moyo, utazihitaji tangu siku ya kwanza: QIt yIjatlh, sema polepole, na yIjatlhqa', sema tena. Usipoelewa sema jIyajbe'. Huhitaji kutanguliza samahani.

Kosa kubwa kwenye meza ya mwalimu ni hili: mwanafunzi anaona aibu kuamrisha, anageuza ombi kuwa swali la uwezo, choQaHlaH'a'?, “unaweza kunisaidia?”. Sentensi haina kosa la sarufi. Imeuliza tu kama mtu ana uwezo, na aliyeulizwa ana haki ya kujibu HISlaH, ndiyo, akaendelea kula. Ukitaka msaada, amuru.

Katazo lina kiambishi chake, -Qo': yIjatlhQo', usiseme. Usitumie -be' kwenye amri. -be' inakanusha habari, -Qo' inakataza au inakataa.

Kuhusu amri zilizokatwa viambishi, kama baH! (piga silaha!) au yaj'a'? (umeelewa?): hizo ni za jeshini, za vitani na za hali ya haraka. Mkubwa huamrisha hivyo, na mdogo anaweza kujibu kwa kukata vilevile: yaj, nimeelewa. Wewe unayejifunza toa kiambishi kizima hadi kitoke chenyewe. Anayekata kabla ya kujua anachokikata hasikiki kama askari, anasikika kama mtu aliyesahau.

*Umefaulu kama:* mwenzako akikutajia kitenzi, idadi ya wasikilizaji na mtendwa, unatoa amri nzima bila kutazama jedwali.

## Hatua ya 5: Jibu swali kwa jibu la swali, na amri kwa jibu la amri

Kiswahili kinatusaidia tena hapa. Ukiulizwa unajibu *ndiyo* au *hapana*; ukitumwa unajibu *haya* au *sitaki*. Kiklingoni kimelifunga jambo hili kabisa:

- Swali, kukubali: HIja' au HISlaH
- Swali, kukanusha: ghobe'
- Amri au ombi, kukubali: luq au lu'
- Amri au ombi, kukataa: Qo'

Anayejibu ghobe' akiulizwa “Umekula?” yuko sawa. Anayejibu Qo' kwa swali hilohilo amegoma, na hakuna kilichoamrishwa. Kinyume chake nacho ni kibaya: ukiambiwa HIQaH ukajibu HISlaH, umethibitisha habari ambayo hakuna aliyeiuliza.

Qo' ni neno zito. Limebeba uamuzi wako, na halihitaji kisingizio baada yake. Kama unaogopa kulitamka kwa sababu kwetu kumkatalia mtu usoni kuna ukakasi, fanya mazoezi ya kulisema peke yake na kunyamaza.

Kwenye swali la kukanusha usijibu kwa neno moja. Sisi husema “Hujala?” “Ndiyo, sijala”, na mazoea hayo yataleta utata. Rudia kitenzi: bISopbe''a'? Jibu jISopbe', sili. Basi.

## Hatua ya 6: -neS, na kiasi chake

Sasa, baada ya yote hayo, unaruhusiwa kugusa kiambishi cha heshima. Tumekichelewesha makusudi, kwa maana wanafunzi wakikiona mapema hukimwaga kila mahali.

-neS hushikamana na kitenzi, na humwelekea mkubwa wako tu: wa cheo, wa utawala au wa jamii. qaleghneS ni “nimepata heshima kukuona”. Inapanda kutoka chini kwenda juu, kama shikamoo. Lakini shikamoo ukiinyima umekosa adabu. -neS hailazimishwi popote, na wenyewe huitumia mara chache.

Mahali pake kwenye kitenzi: huja baada ya viambishi karibu vyote, na kabla ya kile cha mwisho kabisa, kwa mfano -'a' ya swali. Katazo hubaki nyuma yake: HIchoSneSQo', “nifanyie heshima, usinitelekeze”. Anayeandika -Qo' kabla ya -neS amekosea mpangilio.

Kiasi: mara moja katika mazungumzo mafupi, mara nyingi mwanzoni, ikiandamana na cheo. qaleghneS, joHwI'. Baada ya hapo cheo peke yake kinatosha: qaH, HoD kwa kapteni, la' kwa kamanda, Sa' kwa jenerali. Cheo au jina la unayemwita huwekwa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa mwa sentensi, kamwe si katikati.

Usiitumie kwa rika lako, kwa mhudumu, wala kwa mtoto. Huwainui, unaleta mashaka kama unawadhihaki.

## Hatua ya 7: Shukrani, radhi na pole

Kuna kitenzi tlho', kushukuru, nacho hufuata viambishi vya kawaida. Mimi kwako: qatlho'. Mimi kwenu: Satlho'. Sisi kwako: pItlho'. Sisi kwenu: retlho'. Hii ni taarifa ya kweli kwamba unashukuru, na hutolewa kwa jambo lililostahili. Mtu akikusogezea kiti huhitaji kuitoa. Aliyeshukuriwa hajibu “karibu” wala “usijali”. Anakaa kimya au anaendelea na jambo lingine.

Aliyefanya vizuri huambiwa majQa'. maj fupi ni “vema”, unaridhika na hali ilivyo.

Radhi: jIQoS, nasikitika. Iseme mara moja, kisha rekebisha kilichoharibika.

Pole ndiyo pengo linalotusumbua zaidi. Hakuna neno linalofanya kazi zote za pole, ya mgonjwa, ya aliyejikwaa na ya aliyetoka kazini. Acha kulitafuta. Toa kitu cha kufanya: qaQaH vIneH, nataka kukusaidia. Mwenzako akisema Qo', amemaliza, usirudie.

## Hatua ya 8: Matusi yana adabu yake

Lugha hii ina matusi mengi, na wanafunzi huyajua kabla ya kujua kuomba maji. Yagawe mafungu mawili. Qu'vatlh, ghuy'cha' na QI'yaH hutupwa hewani mambo yanapoharibika, hayamlengi mtu. petaQ, toDSaH na taHqeq hutupwa kwa mtu. Ukichanganya, unaweza kumrushia mwenzako tusi wakati ulikuwa unalalamikia simu iliyozimika.

Kuna pia mchezo wa kutupiana matusi kwa zamu, mu'qaD veS. Aliyesikiliza mipasho kwenye taarabu ataelewa haraka roho yake: ushindi uko kwenye ubunifu wa jibu na kasi yake. Masharti ya kuuingia ni kwamba pande zote mbili zimekubali. Huanzi nao na mtu usiyemjua, hata kama amevaa paji la uso la mpira na kubeba upanga wa maonyesho.

Angalia tusi mashuhuri: Hab SoSlI' Quch!, “mama yako ana paji laini la uso!”, aibu kwa watu wenye mapaji ya matuta. Mama ametukanwa, lakini bado amepewa -lI', kiambishi cha mtu. Anayesema SoSlIj ameongeza tusi la pili ambalo hakuna aliyelialika. Na kwa msikilizaji Mswahili, tusi la mama halisikiki kama mchezo hata kwa lugha ya kubuni. Mkiwa ninyi kwa ninyi, tumieni mengine.

## Hatua ya 9: Kunyanyua bilauri

Dua na matakwa hubebwa na -jaj, nayo hukaa mwisho kabisa wa kitenzi. reH HIvje'lIjDaq 'Iwghargh Datu'jaj ni “daima uikute minyoo ya damu kwenye bilauri yako”, na ni baraka.

Kanuni ya pekee: mezani, kitenzi chenye -jaj huenda mwisho wa sentensi. Kwa kawaida mtenda hufuata kitenzi, lakini wakati wa kunyanyua bilauri husema 'IwlIj jachjaj, “damu yako na ipige kelele”, damu ikitangulia. Hii ni desturi ya bilauri peke yake; ukipanga hivyo sentensi za kila siku utaeleweka visivyo.

Zishike hizo mbili jinsi zilivyo. Kutunga zako kunakuja baadaye sana.

## Hatua ya 10: Ondoka

Jambo likiisha, mazungumzo yameisha. Mtu anaweza kugeuka na kwenda bila neno, na hajakukasirikia. Ukitaka neno, sema Qapla', “ushindi!”, kwa nguvu na mara moja, ukikata sauti mwishoni. Anayeambiwa anaweza kurudisha Qapla'. Usiongeze salamu za kupeleka nyumbani, na usisimame mlangoni dakika kumi kama tufanyavyo kwetu tunaposindikizana.

## Jaribu yote kwa pamoja

HoD: nuqneH.
Wewe: qaleghneS, HoD. paqlIj vIlaD vIneH.
HoD: qatlh?
Wewe: tlhIngan Hol vIghojnIS. (Ninahitaji kujifunza Kiklingoni.)
HoD: DaH yIlaD. (Kisome sasa.)
Wewe: luq. qatlho'.
HoD: Qapla'!

Fanyeni kwa kubadilishana nafasi, mara kumi, na mbadilishe haja kila mara. Kisha msikilize rekodi mkiwa na daftari, na mpime mambo haya.

Aliyefuatwa ndiye aliyesema nuqneH? Kitabu kina -lIj na si -lI'? -neS imetokea mara moja tu? yIlaD imejibiwa kwa luq, au HISlaH imeponyoka? Sauti ya kwanza ya qatlh ni q, au kapteni ameishia kusema kwamba jambo ni gumu?

Mazungumzo yakikwama baada ya sentensi ya kwanza, rudi Hatua ya 2: bado unangoja kusalimiwa. Mwenzako akinyamaza ghafla katikati, sikiliza viambishi vya umiliki kabla ya kitu kingine chochote. Akitii ombi lako nusunusu au akakujibu “ndiyo” bila kufanya lolote, uliuliza ulipopaswa kuamuru. Na mkijikuta mnacheka kila mara unaposema Qo', endeleeni kulirudia mpaka liweze kusemwa na kupokelewa bila yeyote kutabasamu.